Ulaya ya Kilosa na Ulaya ya Ng'ambo: Pikipiki Ipi Itufae?

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, hapa shuleni, Kilosa



Katibu aliponiandikia kwamba nimepewa nusu saa ya kuzungumza, nilidhani ananitaka nizungumzie kilimo, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka chuoni mpaka nilipostaafu. Kumbe sivyo. Alitaka nizungumzie pikipiki. Sababu yake ninyi wanachama mnaijua. Tumechangishana fedha ili zinunuliwe pikipiki mbili, moja ya shule, na moja ya zahanati ya jirani inayowatibu wanafunzi pamoja na watu wa vijiji vya mlimani. Fedha zimepatikana, lakini kamati imegawanyika. Wako wanaotaka tulete pikipiki kutoka ng'ambo, kwa kuwa mwenzetu mmoja anaishi huko na amejitolea kututafutia. Wako wanaosema tuchukue hizi hizi za bodaboda zilizopo madukani, tumalize kazi. Na yuko mjumbe mmoja, simtaji jina, anayetaka ile ya Kichina iliyo ndefu yenye tairi za meno, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "inasimama kama farasi". Mimi nimeitwa kuwa mwamuzi kwa kuwa nilipanda pikipiki za serikali na za miradi kwa miaka zaidi ya 20 katika wilaya hii, na makovu yapo.

Kwanza niwaombe radhi wageni waliotoka mbali. Sisi watu wa Kilosa tukitaja Ulaya tunaweza kuwa na maana mbili. Iko Ulaya ya ng'ambo, na iko Ulaya yetu hii, katika njia ya kwenda Mikumi. Nilipopangiwa kazi huko nilimwandikia mama yangu barua kwamba nimepelekwa Ulaya. Marehemu mama alilia kwa furaha, akawatangazia majirani, na wiki ya pili nikapokea barua ya kuniuliza kama baridi ya huko naiweza. Basi leo nitazitaja zote mbili, na mtaona kwamba ugomvi wa kamati yetu umo katikati ya Ulaya hizo mbili.

Pikipiki tunayoibishania ni ya aina gani? Ni pikipiki ndogo ya kazi mbili. Ina taa, honi na namba, kwa hiyo kisheria inapita barabarani, lakini imeundwa ili ikitoka kwenye lami iweze kwenda. Kijana anayeitazama kwa mbali huona tairi za meno na ekzosi iliyopandishwa juu, akadhani hayo ndiyo yote. Tazameni jambo jingine ambalo wengi hawalitazami, nalo ni madigadi ya mbele.

Njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi haifiki kilometa 80. Wakati wa kiangazi haina maneno, ni vumbi tu. Lakini pale mvua za masika zinapoishika sehemu yenye udongo mweusi wa mbuga, udongo ule hunata kama ugali usioiva. Pikipiki ya barabarani madigadi yake hukaa karibu sana na tairi, nafasi ya vidole viwili. Udongo huingia humo, hujaa, hukauka kwa joto la msuguano, na tairi ya mbele husimama kabisa wakati ya nyuma bado inasukuma. Nimemwona kijana wa bodaboda amekaa kando ya njia anachokoa udongo kwa kijiti, anakwenda hatua 100, anakaa tena. Pikipiki ya kazi mbili madigadi yake yamefungwa juu kabisa, chini ya taa, na udongo hauna pa kushika. Aidha, tairi yake ya mbele kwa kawaida ni ya inchi 21, na kwa hiyo hupanda jiwe au mzizi pale ambapo tairi ya inchi 17 hujigonga. Tumbo lake liko juu, na usukani wake ni mpana ili mtu aweze kuitawala akiwa amesimama. Ubaya wake nitausema baadaye.

Mtu ataniuliza, kama pikipiki hii inatufaa namna hiyo, kwa nini madukani kwetu haionekani? Ndugu zangu, pikipiki haiundwi kwa kufuata barabara peke yake. Huundwa kwa kufuata sheria ya nchi inakouzwa, na mfuko wa mnunuzi wa nchi ile. Ukitaka kujua kwa nini pikipiki fulani ina injini ya ukubwa fulani, usimuulize fundi. Muulize askari wa usalama barabarani wa nchi ile.

Chukueni Wajapani. Mwaka 1968 Yamaha waliuza Marekani pikipiki yao ya DT-1, ya cc 250, na ndiyo iliyowaonyesha wengine kwamba soko la namna hii lipo. Wamarekani wengi waliinunua kwa starehe, kwenda nayo jangwani na msituni Jumamosi. Honda wakafuata na XL250 mwaka 1972, yenye injini ya mipigo minne. Baadaye wakaja watoto wao wadogo wa cc 125 na 175, na hao ndio tuliowafahamu sisi huku. Lakini Marekani waliweka sheria ya moshi kwa pikipiki zilizoundwa kuanzia mwaka 1978, na ile injini ya mipigo miwili, inayounguza oili pamoja na petroli, ikaanza kuondoka katika barabara zao. Haikufa. Iliendelea kuundwa kwa miaka mingi kwa ajili ya Afrika na Amerika ya Kusini, ambako sheria ya namna hiyo haikuwapo. Nitairudia injini hiyo.

Huko kwao Japani kwenyewe jambo ni jingine. Pikipiki isiyozidi cc 125 hairuhusiwi kuingia katika barabara zao kuu za kulipia, na inayozidi cc 250 lazima ipelekwe kwenye ukaguzi wa serikali kila baada ya muda, tena kwa gharama. Basi mnunuzi wa Kijapani mwenye akili hukaa katikati. Ndiyo maana Yamaha walitoa Serow mwaka 1985, ya cc 225, iliyokuwa nyepesi na ya kiti cha chini, sentimita 81 tu, wakaiita jina la mnyama wao wa milimani anayefanana na mbuzi. Iliuzwa kwa miaka 35, mwishowe ikiwa ya cc 250. Mimi niliwahi kuipanda moja iliyoletwa ikiwa imetumika, na nasema kweli, kama wangeiunda kwa ajili ya milima yetu ya Rubeho wasingeipunguzia wala kuiongezea kitu. Lakini aliyekuwa nayo alisubiri miezi mitano kupata waya wa klachi.

Sasa Ulaya, ile ya baridi. Uingereza mpaka mwanzoni mwa mwaka 1983 kijana anayejifunza aliruhusiwa kupanda pikipiki ya hadi cc 250. Mwaka ule wakamshusha mpaka cc 125 na nguvu za farasi 12. Baadaye nchi za Umoja wa Ulaya zikakubaliana juu ya leseni ya vijana ya cc 125 na kilowati 11. Matokeo yake ni ya kuchekesha kidogo. Yule kijana wa miaka 16 au 17 anataka aonekane mtu mzima, ila sheria inambana kwenye injini. Basi kiwanda humpa injini ndogo ndani ya umbo kubwa. Ziko pikipiki za cc 125 za huko ambazo kiti chake kinafika sentimita 90 na zaidi, kwa kuwa kiliundwa kwa miguu ya vijana warefu wanaopanda peke yao. Muuguzi wetu wa zahanati hapa, ambaye ninyi nyote mnamfahamu kimo chake, akikaa juu yake miguu itaning'inia kama ya mtoto kwenye baiskeli ya baba. Na akisimama kwenye utelezi hana pa kuegemea, ataanguka na mgonjwa wake.

Huo ndio ubaya niliosema nitautaja. Urefu unaoivusha pikipiki juu ya mawe ndio unaomwangusha mpandaji mfupi. Watu wa vijiji vya mlimani si warefu, na mama mgonjwa hapandi kiti cha kifuani.

Iko na sababu ya pili. Tangu mwaka 2017 pikipiki mpya zinazoandikishwa huko ni lazima zifuate masharti makali zaidi ya moshi na ya breki, na mwaka 2021 masharti yakazidi. Kwa hiyo kabureta imeondoka, na mahali pake pamekaa pampu ya umeme, vihisi, na kompyuta ndogo inayopima petroli. Sisemi kitu hicho ni kibaya. Hula petroli kidogo, na mlimani haisongwi na hewa nyembamba kama kabureta. Lakini kikiharibika kihisi kimoja, fundi wetu wa Kimamba, ambaye anaweza kufungua kabureta gizani akaifunga, atakaa anaitazama tu. Namheshimu mwenzetu aliye ng'ambo kwa moyo wake, na nitasema mwishoni anavyoweza kutusaidia zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, nilisema nitairudia ile injini ya mipigo miwili. Jambo hili sikulisema mbele ya watu kwa miaka 40 iliyopita, na nalisema sasa kwa sababu mjumbe mmoja amependekeza tutafute moja ya namna hiyo, kwa kuwa ni nyepesi, ina nguvu, na bei yake iko chini.

Mwaka 1983, ule mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, nilikuwa bwana shamba huko Ulaya. Nilikuwa na pikipiki ya cc 125 ya mipigo miwili niliyopewa na mradi. Ilikuwa ya aina ile yenye tanki dogo la oili peke yake, ambayo pampu huichanganya na petroli injini ikiwa inakwenda. Ni kitu kizuri, ila kinataka oili ya aina yake, nyepesi, inayoungua bila kuacha masizi. Ninyi wazee mnakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Sabuni ilikuwa hakuna, sukari hakuna, petroli ya mgao. Oili ile ilikuwa haionekani Kilosa wala Morogoro. Kwenye tanki kuna kioo kidogo kinachoonyesha oili ilipofika, nami nilikuwa nimekiona kitupu kwa wiki mbili. Nikamwomba dereva wa trekta oili ya injini yake iliyokwisha kutumika, nzito, nyeusi, nikaimimina humo nikijiambia oili ni oili.

Usiku mmoja wa masika nikagongewa mlango. Alikuwa bwana mmoja jirani, mkewe alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga amesema kazi hii imemshinda, apelekwe hospitali Kilosa. Tukampakia yule mama katikati, mkunga akakaa nyuma kumshikilia, mimi mbele. Mumewe hakuwa na nafasi, akatufuata kwa miguu. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye tope. Pale unakwenda kwa gia ya kwanza, injini inapiga kelele nyingi, upepo wa kuipoza hakuna, na hapo ndipo inapohitaji oili yake. Oili ile nzito pampu haikuweza kuivuta. Nilisikia sauti kama ya msumari kwenye bati, kisha pistoni ikakamata kwenye silinda na tairi ya nyuma ikajifunga. Tulianguka taratibu, hakuna aliyevunjika. Lakini pikipiki haikuwaka tena.

Mumewe alitukuta pale alfajiri. Trekta la shamba la mkonge lilipita jua lilipokwisha kutoka, likatubeba. Mama alipona. Mtoto alizaliwa pale kando ya njia na hakuishi.

Siku ya tatu nilirudi kuichukua pikipiki, na aliyenisaidia kuisukuma mpaka nyumbani alikuwa yule yule bwana. Hakunilaumu. Hakujua cha kunilaumu. Mimi niliandika kwenye ripoti ya kazi, "hitilafu ya mashine", nikapewa silinda nyingine baada ya miezi minne. Haikuwa hitilafu ya mashine. Mashine ile ilikuwa nzuri kabisa kwa nchi ambayo oili yake huuzwa kila kituo cha petroli. Haikuundwa kwa ajili ya Kilosa ya mwaka 1983, nami niliyejua hivyo nilinyamaza.

Kwa hiyo, ndugu mjumbe, pikipiki ya mipigo miwili kwa ajili ya zahanati mimi siikubali. Oili yake siku hizi inapatikana, naam. Lakini atakuja mwingine kama mimi.

Niendelee. Ziko nchi mbili za kilimo ambazo zilitusaidia bila kutujua, nazo ni Australia na New Zealand. Wafugaji wa huko waliacha farasi wakachukua pikipiki kufuata ng'ombe na kondoo, na mfugaji hataki mapambo. Wajapani wakawaundia pikipiki za shambani. Yamaha walikuwa na AG100 ya mipigo miwili, kisha katika miaka ya 1980 ikaja AG200 ya mipigo minne, na Suzuki wakawa na TF125. Mkiiona moja mtaitambua. Ina keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga injini na mikono, na cheni yake imefunikwa yote ndani ya sanduku ili mchanga na tope visiila. Ina stendi mbili, moja kila upande, kwa sababu mfugaji husimama kwenye mteremko na hachagui upande. AG200 ina hata kidude cha kuishikilia klachi, ili mtu ashuke afungue lango la zizi bila kuzima injini wala kutoa gia. Kiti chake kiko karibu sentimita 80. Mashirika ya misaada na ya afya yakaona, kumbe anachotaka mchunga kondoo wa New Zealand ndicho anachotaka mpeleka chanjo wa Afrika. Ndizo zile mlizoziona zikiendeshwa na mabwana shamba, mabwana mifugo na mapadri. Kosa lake kubwa ni bei, na la pili ni kwamba haikai dukani. Huagizwa.

Brazili nao wana habari yao. Honda walifungua kiwanda chao Manaus mwaka 1976, na mwaka huo huo walitoa CG125, ambayo injini yake waliiunda makusudi kwa nchi zinazoendelea, ambako watu husahau kubadili oili na hawana fundi karibu. Badala ya mnyororo wa kuendesha valvu waliweka fimbo za kusukuma, ambazo hazitaki kukazwa kazwa. Kwa njia za vumbi za huko wakaja kuiunda Bros, ya kazi mbili, na tangu 2009 Wabrazili wanazo pikipiki zinazotumia petroli au spiriti ya miwa, yoyote utakayoimwaga. Nikiyatazama mashamba ya miwa ya Kilombero nawaza mengi, lakini si mada ya leo.

Wahindi waliichukua ile Bros wakaiuza kwao mwaka 2011 kwa jina la Hero Impulse. Haikuuzwa sana. Mnunuzi wa kule huuliza kwanza lita moja inakwenda kilometa ngapi, na nyingi za njia zake ni za lami. Mwaka 2019 wakajaribu tena na Xpulse ya cc 200, ikapata wapenzi. Lakini wanachotuletea sisi kwa wingi ni zile za barabarani, Boxer na TVS na wenzao, kwa kuwa tangu kanuni za mwaka 2010 za leseni za pikipiki na bajaji, soko letu ni la abiria na mizigo. Mwendesha bodaboda anataka kiti kirefu cha watu wawili, kiti kisicho juu ili mama na kitenge chake apande, na petroli kidogo. Hana kosa. Sisi ndio soko, na soko letu limeomba Boxer likapewa Boxer.

Mchina je? Mjumbe wetu wa farasi asinune. Zile ndefu, mtaona ubavuni au kwenye kadi zimeandikwa 150GY au 200GY. Namba ni cc, na herufi hizo huko China ni alama ya pikipiki ya porini. Ndani ya nyingi ya hizo mtakuta injini iliyozaliwa na ile ile CG ya mwaka 1976, yenye fimbo za kusukuma. Kwa hiyo fundi yeyote hapa Kilosa anaijua, na spea zake zimejaa. Hilo ni jema kubwa. Nilichokiona mimi katika zile nilizozipanda ni kwamba injini huishi lakini vinavyoizunguka huchoka mapema, yaani spoku hulegea, mpira wa shokapu huvuja, na waya hufa maji yakiingia. Mtu mwenye spana na subira ataishi nayo. Na nyingi zake ni ndefu vile vile.

Mambo mengine vijana wa hapa wameyavumbua wenyewe. Tazameni bodaboda zinazopanda mlimani. Madigadi ya mbele yameondolewa au yameinuliwa kwa vyuma, sproketi ya nyuma imebadilishwa ikawekwa yenye meno mengi zaidi ili ipande polepole kwa nguvu, shokapu zimeongezwa, na wakati wa mvua mwendeshaji huzungushia tairi ya nyuma mnyororo au kamba. Hiyo tayari ni pikipiki ya kazi mbili, iliyomaliziwa chini ya mwembe. Breki tu ndiyo sipendi wanavyoiacha.

Sasa nitoe uamuzi wangu, kisha mnipige mawe.

Pikipiki ya shule kazi yake ni kwenda posta, benki, sokoni, na kumpeleka mwanafunzi mgonjwa mjini kwa njia inayopitika karibu mwaka mzima. Inunuliwe ya dukani, ya Kihindi, cc 150, mipigo minne, na kabla haijaanza kazi ipelekwe kwa fundi aiinue madigadi na kuiwekea tairi za meno.

Pikipiki ya zahanati inapanda mlimani usiku. Hiyo iwe ya aina ya shambani, ya mipigo minne, yenye keria mbili na cheni iliyofunikwa, kiti cha chini, na inayowaka kwa kiki hata betri ikifa. Ikishindikana kupatikana kwa wakala ndani ya miezi sita, ichukuliwe 150GY, si 200, ya kiti kilicho chini kuliko zote, na spoku zake zikazwe kila mwezi, na kazi hiyo iandikwe kwenye daftari na mtu atie sahihi.

Mweka Hazina amenionyesha hesabu. Fedha zilizopo haziwezi kununua zote mbili mwaka huu kama ya zahanati itakuwa ya aina ninayoisema. Kwa hiyo nashauri ya zahanati itangulie, ya shule ingoje. Najua wako wenzangu waliokuja wakitegemea kupiga picha leo na pikipiki yenye jina la shule ubavuni. Na Mwalimu Mkuu atakwenda benki kwa bodaboda mwaka mmoja zaidi, ninamwomba radhi mbele yenu.

Kuhusu mwenzetu wa ng'ambo, nashauri Katibu amwandikie kwa shukrani, amwambie asitume pikipiki. Atume helmeti nne nzuri, mbili ziwe za wanawake wenye vichwa vidogo, glavu, pampu ya mkono, na seti moja ya spana za milimita ambazo hazitafunguka meno. Vitu hivyo havina leseni wala sheria ya moshi, na Ulaya zote mbili vinatumika sawa sawa.

Bado iko habari ya nani atakayeshika ufunguo wa pikipiki ya zahanati, na nani atakayeangalia oili. Hilo halijajadiliwa kabisa na kamati, na mimi naona ndilo zito kuliko cc zote nilizozitaja. Naomba liwekwe kwenye ajenda ya mchana kabla ya uchaguzi wa viongozi.

Vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanaopenda ufundi, nimekuja na spana zangu na kabureta mbili kuukuu, moja ya XL na moja ya Boxer. Baada ya chakula njooni pale chini ya mwembe wa nyuma ya bweni, tuzifungue. Atakayepoteza skrubu ataitafuta.